Cha Juu cha Mkwe Wangu

Mbukwenyi! Nawasalimu kwa Kigogo. Haya, sasa mnaitika, lakini mlikuwa wapi siku zote? Mjukuu wangu anasema humu ndani mko maelfu, na bibi hata mmoja hamjamtembelea. Mnakuja mbio panapokuwa na fumanizi tu. Leo kaeni chini, marahaba zenu nimewawekea.

Admin, jina langu nifiche. Umri siujui vizuri. Dada aliyeniandikisha kitambulisho alinitazama mikunjo ya uso akasema tuweke sabini na tatu, nikamwambia weka, mwanangu. Shule sikuiona. Nalima zabibu Makutupora. Anayeandika hapa ni mjukuu, na nimemkataza kunilainishia maneno.

Nina binti kaolewa na mwanaume mwenye yadi ya magari Miyuji. Siyo magari ya kubebea mahindi. Ni yale ya mbio, yamelala chini kama kenge, yakiwashwa mbuzi wanatoroka. Kiwanja cha yadi ni changu, aliniachia marehemu mzee. Niliwapa wakae bure, maana binti hapewi mume tu, anapewa na pa kuegemea.

Kitindamimba wangu naye akataka gari moja kati ya yale, akodishe kwenye maharusi. Nikauza kipande cha shamba, mizabibu ikiwa na matunda, tukaenda. Sasa mjue, kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe. Yeye alisimama nyuma ya gari, mimi nikajifunika khanga, tukaongea kama watu wanaoungama.

"Mama," akasema, "kiwanda chao huko nje kinayumba, gari hii wameacha kuitengeneza. Hizi ndizo za mwisho duniani. Nakupa kwa bei ya kiwanda, na cha juu kidogo."

Nikachungulia. Nyuma ya gari, juu ya buti, pana bawa kama kibao cha kukalia. Nikasema moyoni, kumbe ndicho cha juu chenyewe. Nikamuuliza, "Na tukikiacha hicho cha juu?"

Akacheka. "Mama, bila cha juu gari haitoki hapa."

Nikajua bila bawa haitembei. Nikalipa. Cha juu kilikaribia kufikia bei ya gari yenyewe, lakini nikajiambia, kitu cha kuzuia gari isipae angani hakiwezi kuwa rahisi.

Haikumaliza msimu wa harusi. Ilizimika njia ya Mvumi, bibi harusi ndani, bwana harusi na suti yake nyeupe anasukuma, mashangazi wanapiga vigelegele wakidhani ndio mtindo mpya. Fundi akasema spea hakuna, kiwanda kimebanwa na madeni, hakitumi kitu. Ilirudi nyumbani inavutwa kwa kamba. Siku hizi mwanangu anaamka kwenda kuchuma zabibu kwenye kile kipande nilichouza. Kibarua, kwenye shamba la mama yake.

Kuku wangu wakalipenda lile bawa, wakaligeuza kitanda. Binti alipokuja nikamwambia, "Angalau cha juu kimepata kazi."

"Cha juu gani, mama?"

Nikamwonyesha. Akashika mdomo. "Mama, hilo bawa lilikuja na gari. Cha juu ni anachojiongezea muuzaji. Zile habari za kiwanda zilipotoka, aliwawekea watu wote."

"Hata mimi?"

Akageuka akaanza kuwafukuza kuku juu ya bawa. Kupunjwa nimezoea, wanunuzi wa zabibu wananipunja kwenye mzani kila msimu. Lakini huyu alijua simtazami usoni. Ile heshima niliyompa, ndiyo aliyojificha nyuma yake.

Mungu halali, wajukuu zangu. Magari mengine aliyaficha, anasubiri bei ipande tena. Kiwanda kikazidi kuyumba, watu wakaogopa gari isiyo na spea, sasa yamejaa yadini yanakula vumbi la Dodoma. Juzi kamtuma binti. Anataka mkopo, benki inataka kiwanja kiwe dhamana, na hati ina jina langu, kwa hiyo linatakiwa dole gumba langu.

"Mama, weka kidole tu, yadi isife."

"Kidole kipo," nikamjibu. "Mwambie mumeo kidole chenyewe ni bure. Ila kina cha juu."

"Cha juu gani tena?"

"Akomboe kwanza ile mizabibu niliyouza kwa ajili ya mdogo wako. Kisha aje mwenyewe. Khanga nitaishusha, anitazame machoni. Alifungue lile bawa kwa mkono wake, na mavi ya kuku yakiwemo, alibebe kichwani kwa miguu kutoka hapa mpaka Miyuji, mchana, wateja wake wakiona. Akiulizwa aseme, hiki ni cha juu cha mama mkwe."

Binti alicheka, halafu akalia. Mume wake amesema mizabibu atakomboa, ila siku atakayolibeba hilo bawa, siku hiyo hiyo atamrudisha binti kwangu. Mimi nasema arudi, uji upo na kitanda kipo. Binti anasema anampenda mumewe. Kumpenda mtu kama yule, jamani! Wazee wa ukoo nao wanasema nikimfunulia mkwe uso nitatozwa mbuzi. Mbuzi ninaye, nimeshamfunga kamba.

Kinachonikaba ni yale machozi ya binti, basi.

Haya, nishaurini, nifanye nini? Nilegeze kidole nimwokolee binti nyumba yake, au nikikunje humu ndani ya khanga mpaka yule bwana abebe? Na asiniambie mtu nimwachie Mungu. Mungu tumeshaongea.

Siku nyingine mkija, msikawie tena hivi. Piteni njia ya Miyuji. Mkikutana na mwanaume kabeba bawa la gari kichwani, msalimieni vizuri, lakini asitokee hata mmoja wenu wa kumtua mzigo.