Nilisema "kifua", nikapigwa nyungu: uvimbe wangu wakati wa korona

Wakuu, poleni na mihangaiko. Walionizidi umri shikamooni, japo sidhani kama mpo humu.

Mimi ni mama mtu mzima, mkulima wa mpunga huku Magu. Ninayoandika ni kweli tupu, ushahidi natembea nao. Mods, humu kuna neno la mwilini, msiutupe uzi wangu jukwaa la wakubwa.

Kabla ya korona walikuja manesi wakapiga hema pale uwanjani, wanapima kina mama saratani ya matiti bure. Nikaingia.

Nesi akapapasa, akarudia, akasema, "Mama, kuna kakitu hapa. Huenda si kabaya. Tukirudi mwezi ujao, usikose kuja."

Korona ikaingia. Mikusanyiko ikakatazwa, hema halikurudi. Manesi walizuiwa kuja, kakitu hakakuzuiwa kukua.

Nikafunga safari hadi Nyakato kwa mwanangu Masanja, anafanya kazi kiwandani. Mkewe alikuwa kwao Geita amekwenda kujifungua, kwa hiyo ndani tulikuwa mimi na yeye tu.

"Mama, unaumwa nini?"

"Kifua."

Ngoja kwanza nieleze. Huku kwetu mama hamtajii mtoto wa kiume lile jambo kwa jina lake. Aliyelinyonya ndiye usiyeweza kumtajia. Kifua ni neno la heshima, mwanamke yeyote angenielewa.

Masanja alielewa korona.

Nikafungiwa chumba cha nyuma. Sahani inawekwa mlangoni, mtu anarudi hadi sebuleni ndipo ananikaribisha chakula. Nyungu asubuhi na jioni: mwarobaini, mchaichai, malimao, nafunikwa blanketi zito natiririka jasho. Kakitu nako kalikuwa humo humo, kanajifukiza.

Kwa upendo wa mwanangu sina neno. Wengine walikuwa wanakimbia wazazi wao.

Nyungu ziliposhindwa akanipeleka hospitali. Getini kuna ndoo ya kunawa, mlinzi, na foleni ya wanaume nyuma yangu.

"Shida yako nini, mama?"

Ningesema nini pale?

"Kifua."

Foleni nzima ikarudi nyuma. Nikakalishwa benchi la peke yangu nyuma ya jengo. Daktari kijana akaniuliza kwa mbali kama nakohoa, kama nina homa. Sina.

"Basi huna korona, mama. Nenda nyumbani, siku hizi hospitali si pa kuzoea."

Masanja alifurahi akanunua kuku.

Nikarudi Magu. Mpunga ukavunwa, ukapandwa tena. Ngozi pale ikaanza kuwa kama ganda la chungwa. Niliogopa, wakuu. Niliogopa sana.

Jirani yangu Mama Kulwa naye alipita hema lile, naye aliambiwa asubiri. Naye akawa anasema kifua. Alipofariki, msibani wakasema korona imemchukua, tukamzika tumesimama mbalimbali. Pale makaburini nilijua mimi peke yangu.

Nilipotoka makaburini nikampigia Masanja.

"Baba, ule ugonjwa si kifua. Ni ziwa."

"Ziwa limefanyaje? Limejaa tena?"

Msimcheke, kipindi kile maji yalikuwa yameingia kwenye nyumba za watu ufukweni.

"Ziwa langu, Masanja. Ulilonyonya."

Nikadhani salio limeisha.

"La upande gani, mama?"

"La kushoto."

Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwangu. Safari hii alisimama karibu.

Hospitali ya rufaa walilitoa. Daktari alisema ningewahi, pengine wangetoa kakitu tu. Masanja alilia kuliko mimi. Dawa zilinimaliza nywele, zikarudi na mvi zaidi. Namshukuru Mungu leo napalilia, gauni limelegea upande mmoja.

Nilichojifunza: tunaishi Kanda ya Ziwa, neno hilo tunalitaja kutwa, siku ya kulihitaji likatukwama kooni. Kina mama wenzangu, getini semeni ziwa. Wanaume wa kwenye foleni hawatakufa.

Haya, uwanja ni wenu, hata wa kejeli nawasubiri. Ila kabla hujaandika, mpigie mama yako. Akikwambia kifua, muulize upande gani.