Pete ya Zirkoni

Koki alifanya kazi mtaa wa Baba Dogo, katika kiwanda kidogo cha kupaka zinki ndoo na mabomba. Yeye alikuwa upande wa asidi, akitumbukiza vyuma vitoke kutu. Mvuke ulipanda taratibu kutoka kwenye matangi, na jua la asubuhi lilipopenya madirishani alijiona kama anatembea katika ukungu wa Kangundo, kwao, miguu haigusi ardhi.

Asidi ile iliila pete yake ya harusi. Ilikuwa ya shaba. Iliendelea kukonda hadi siku moja mwaka wa 1979 ikakatika kidoleni kama uzi. Mumewe, Mbithi, mchonga vinyago wa Makadara, hakulalamika. Alimchongea nyingine ya mpingo. Ikalowa, ikakauka, ikapasuka.

"Baba Nthoki, usijisumbue tena," Koki alimwambia. "Mkono huu haukai na kitu."

Mbithi aliushika tu ule mkono, akapapasa alama ya pete kidoleni.

Kiwandani, Mzee Kabiru wa tanuru alisikia habari hizo. Akatafuta kipande cha bomba kilichotoka kwenye mtambo wa asidi uliobomolewa.

"Hii ni zirkoni, metali ngumu, Mama Nthoki. Inajivika ngozi yenyewe. Ngozi ikiwa nyembamba, imeshikana vizuri, asidi haipiti."

Alimkatia pete mbili. Koki akazilainisha kwa tupa, polepole, kwani mzee alimwonya kuwa unga wake hushika moto. Ya kwanza ikaingia tanuruni ijivike ngozi hiyo. Koki akachungulia: ikawa ya dhahabu, ikageuka zambarau, kisha buluu ya mbali, kama vilima vya kwao mvua ikikaribia. Akazama humo. Hakusikia hata kengele ya chai. Alipozinduka, pete ilikuwa nyeupe kama chaki, na alipoisugua kwa ukucha ikabanduka maganda.

"Moto umezidi," Kabiru alisema. "Ngozi imenenepa mno, imejaa nyufa. Haikingi kitu tena."

Ya pili mzee aliitoa mwenyewe, nyeusi, inang'aa. Koki akaifunga kwa uzi wa nailoni, akaiacha ndani ya asidi hadi Jumamosi. Ikatoka vilevile.

Jioni hiyo Mbithi aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta alama ya patasi asiione.

"Nani kaifanya iwe hivi?"

"Moto."

Akamvisha. Kanisani wanawake walinong'ona, wengine wakamuuliza kama amefiwa. Koki alicheka hadi akashika mbavu, na Mbithi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akacheka pia.

Kifua kilipoanza kumbana Koki, mwaka wa 1984, aliacha kiwanda akaanza kuuza sukuma wiki karibu na mahakama ya Makadara. Wateja wakiuliza habari ya pete nyeusi, alijibu kwamba ameolewa, akaendelea kukata mboga, macho yakiwa mbali.