Hesabu Iliyoishia Kwenye Kona

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo ningepewa nafasi ya kuirudia, ningejibu kwa neno moja tu: hapana. Nilikuwa kijana, nimevaa koti la kuazima, nimesimama katika uwanja wa shule ya msingi huku kwetu juu ya Njoro. Bwana D.O., afisa wa serikali wa tarafa yetu, aliniambia nihesabu wapiga kura hadi kwenye kona ya darasa, nisipite hapo. Nikamwambia, "Sawa, mzee."

Ninakuandikia kwa sababu nimesikia wengi wenu mmeomba ukarani katika uchaguzi unaokuja. Ni vizuri, ni kazi ya heshima, na vijana mna haki ya kuifanya. Lakini kabla hujavaa ile aproni na kukaa kwenye kiti cha plastiki, nipe muda wa kunywa chai moja.

Enzi hizo nchi ilikuwa bado changa. Chama kilikuwa kimoja, na kadi yake ulitembea nayo hata ukienda sokoni. Karatasi za kura zilikuwa zimeondolewa. Mgombea alishikiwa picha yake juu, na wewe ukasimama nyuma ya ile picha mchana kweupe, jirani zako wote wakikuona. Tuliita mlolongo. Wakubwa walisema ndiyo njia safi kabisa, kwa maana nani angeiba watu waliosimama wima?

Kiti cha diwani kilikuwa na wagombea wawili. Mmoja alikuwa Mama Wairimu, muuzaji wa mbegu za viazi, mwanamke wa sauti nzito aliyejua shida ya kila boma. Wa pili alikuwa mtu wa ofisi, tuliyemwita Mheshimiwa hata kabla hajachaguliwa. Kila mtu alijua wanachogombania. Tulikuwa na uwanja wa umma wenye josho, lile bwawa la dawa tulimoogeshea ng'ombe kuua kupe. Mheshimiwa alikuwa anautaka uwanja ule uwe shamba lake. Mama Wairimu alikuwa amesema hautatoka mikononi mwa watu akiwa hai.

Na karani wa josho nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikupata nafasi ya kuendelea, wazee wakanipa kazi ile. Kila Alhamisi ng'ombe waliteremka na ukungu wa asubuhi, kengele zikilia, mashamba ya pareto yakiwa meupe pande zote, na chini kabisa, siku ya hewa safi, uliona ziwa Nakuru likimetameta. Niligonga kila ng'ombe mgongoni nikiita hesabu kwa sauti, karibu kama wimbo. Watu walizoea sauti yangu. Mzee akiulizwa kama ng'ombe wake wamerudi wote, alijibu, "Si wamepita kwa Wafula?" Maswali yaliishia hapo. Sijawahi kuwa tajiri, lakini siku zile nilikuwa na kitu, tena sikujua ninacho.

D.O. alijua. Ndiyo maana chifu alikuja mwenyewe kuniita.

Siku ya uchaguzi watu walifika wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Ninakumbuka kicheko kuliko kitu kingine. Mstari wa Mheshimiwa ulikuwa wa watu wachache, wengi wao vijana wa chama na wafanyakazi wake. Ule wa Mama Wairimu ulijaa uwanja, ukakunja kona ya darasa la saba, ukapotelea nyuma huko kuelekea shamba la shule. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliona mumewe amesimama upande wa pili.

"Baba Naliaka! Umepotea njia?"

"Niache, mama. Mheshimiwa ameniahidi kazi."

"Basi jioni akupikie!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata askari wakageuza nyuso. Yule bwana akavumilia kidogo, kisha akavuka polepole huku anajifuta jasho, na watu wakampigia makofi.

Kabla sijaanza kuhesabu, D.O. alinishika bega akanitembeza kando, kama baba na mtoto.

"Wewe ni kijana msomi," akasema. "Ofisini kwangu kuna nafasi ya karani. Sasa, sheria ni kwamba tunahesabu walio uwanjani. Wale wa nyuma ya darasa, mimi siwaoni. Wewe unawaona?"

Nikaangalia. Kutoka pale tulipokuwa, kweli hawakuonekana.

"Siwaoni, mzee."

"Basi. Ukifika kwenye kona, umemaliza."

Angalia vizuri, mwanangu, jinsi nilivyoombwa. Hakuna aliyeniambia niseme uongo. Nilipewa mahali pa kusimama tu, tena pakaitwa sheria. Vijana wa chama nao walikuwa wamewarudisha nyuma ya darasa watu wengi waliofika mapema, wakisema wanapanga mstari vizuri. Hilo nalo niliona nikanyamaza. Niliogopa, sitakuficha. Kulikuwa na watu waliochukuliwa na Landrover ya polisi kwenda Nakuru kuulizwa swali moja, wakarudi wamekonda na hawataki kuongea. Lakini nikiwa mkweli, nilikubali zaidi kwa sababu ya ile meza ya ofisini.

Nikaanza. Niligusa kila mtu begani na kuita kwa sauti yangu ya josho. Watu walipenda. "Usiniruke, Wafula, mimi si ndama!" mzee mmoja akasema. Nikaenda hivyo mpaka nikafika ukutani, kwenye kona. Upande wa pili nilisikia minong'ono, mtoto akilia, na kikohozi nilichokijua tangu utotoni. Ilikuwa hatua moja tu mbele. Nikanyamaza, nikageuka, nikarudi mezani.

Hata hivyo mstari wa Mama Wairimu ulikuwa bado mrefu kidogo. D.O. akasema wengine hawana kadi ya chama, akapunguza alivyotaka, kisha akanipa kipaza sauti nitangaze mimi. Sasa ningekataaje, na mkono ulikuwa umeshaingia ndani ya sufuria? Nikatangaza kwamba mstari mfupi ndio mrefu. Watu hawakupiga kelele. Walinitazama. Mama Wairimu akakunja picha yake, akaja mpaka nilipo, akasema taratibu, "Ungekuwa mtu mwingine, wangebisha." Akaenda zake.

Nilimkuta baba nyumbani, amekaa barazani akifungua kamba za viatu vyake vya Jumapili. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Nakuru tangu enzi za wazungu. Alikuwa akituambia kwamba siku hizo mzungu alimhesabu kila asubuhi kama taruma la reli, ule ubao wa chini ya vyuma, na uhuru ulipokuja ndipo alipohesabiwa mara ya kwanza kama mtu. Hakukosa uchaguzi hata mmoja.

"Shikamoo baba."

Akavua kiatu cha kwanza.

"Nilikusikia ukija," akasema. "Nilikuwa hapo hapo, nyuma ya kona. Nikanyoosha kofia. Nikawaambia watu, simameni sawa, kijana wangu anakuja. Halafu nikasikia umenyamaza."

"Niliambiwa nisipite kona, baba."

"Na nani?"

"D.O."

"D.O. ndiye alikusomesha?"

Baba akamaliza kuvua kiatu cha pili, akakipangusa vumbi.

"Chai iko jikoni," akasema.

Kazi ya ofisini nilipewa, nikaifanya mpaka nikastaafu. Uwanja wetu ulizungushiwa waya kabla mvua za masika hazijaisha. Josho likafukiwa. Watu wakawa wanapeleka ng'ombe mbali, wengine wakashindwa, kupe wakafanya kazi yao. Baba aliuza ng'ombe wake mmoja mmoja. Siku hizi nikipita pale naona nyumba za mawe na geti la chuma, na bado masikio yangu husikia kengele zile zikishuka na ukungu.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu anayetaka kuiba kura ya kijiji hatafuti mwizi, kwa sababu mwizi hataaminiwa. Atakutafuta wewe ambaye majirani wanakuamini, na atakuomba jambo dogo: fumba jicho kidogo, toka nje kidogo, ishia hapa. Ukiambiwa uishie mahali, uliza kwanza nani yuko mbele ya hapo. Kisha nenda ukawaone kwa macho yako. Hesabu mpaka mtu wa mwisho, hata kama ni wa upande usioupenda, na useme ulichohesabu. Ukishindwa, weka kalamu chini urudi nyumbani mapema. Utadharauliwa wiki moja, na maisha yataendelea. Kazi nyingine zipo, hata ya kupanga viazi kwenye magunia.

Mungu akupe sauti siku utakayoihitaji. Akupe miguu ya kuvuka pale mimi niliposimama, na wazazi wako wakae wakijivunia jina lako mpaka uzeeni.

Mimi nilipata meza, kiti na pensheni. Baba aliishi miaka mingi baada ya siku ile, tukala pamoja, tukasali pamoja, na nilimzika kwa heshima zote. Lakini hakuamini tena neno lolote nililomwambia, hata nilipomwambia ukweli, na hakupiga kura tena mpaka alipokufa.