Uji wa Jumamosi

Ule uji ulikuwa wa nani? Mama aliukoroga Jumanne, uji wa wimbi, akautia kibuyuni uchachuke ili ufike Mombasa Jumamosi ukiwa mkali sawasawa. Mimi nilikuwa na shahada kutoka Kampala na nafasi ya ualimu Thika, na sikuweza kujibu swali hilo.

Safari niliipanga mimi, au ndivyo nilivyodhani. Katikati ya miaka ya hamsini, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, Mkikuyu hakutoka wilayani bila kibali. Nilitaka siku mbili tu: kupanda treni Ruiru Ijumaa, kubadilisha Nairobi, kuamka pwani. Nilichora ramani ya mji wa kale kutoka kwenye kitabu: vichochoro, milango ya nakshi, ngome ya Wareno. Jumamosi ingekuwa ya vichochoro. Ngome niliiweka Jumapili jioni, maana ilikuwa gereza na hakuna aliyeruhusiwa kuingia.

Mama, ambaye hakuwahi kuvuka Nairobi, aliinama juu ya ramani yangu pale nyumbani Gitothua.

“Tuanzie hapo kwenye ngome,” alisema. “Jumamosi asubuhi, tukishuka tu.”

“Kuna nini cha kuona, mama? Ni ukuta.”

“Basi nitaona ukuta.”

“Na kibuyu? Kwani watu wa Mombasa hawana chakula?”

“Mtu haendi kwa mtu mikono mitupu.”

“Kwa mtu gani?”

“Maitu, wewe panga safari.” Aliniita hivyo, yaani ‘mama yangu’ kwa Kikuyu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na akishasema hivyo mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Ningeweza kuuliza tena. Niliuliza kila mtu kila kitu siku hizo: padre kuhusu miujiza, mwalimu mkuu kuhusu wimbo wa kumwombea malkia. Mama nilimwona kama mtu nisiyehitaji kumuuliza.

Alhamisi tulikwenda kuomba kibali Thika. Mama alivaa gauni jipya alilolishona kwa ajili ya safari. Karani alikuwa mtu wa mzaha, wa rika langu.

“Sababu ya safari?”

“Matembezi,” nilisema.

“Matembezi! Mwalimu, maporomoko ya Chania umeshayamaliza?”

“Mtu anahitaji sababu gani kutembea nchini kwake?”

Watu kwenye foleni waliguna. Karani hakukasirika. Alimgeukia mama. “Mama, nisaidie. Huyu binti yako atanifukuzisha kazi.”

“Andika dada yangu amejifungua,” mama alisema upesi. “Tunampelekea uji.”

“Haya, hiyo ndiyo sababu,” karani akasema, akachovya kalamu. Kila Mkikuyu katika foleni ile alijua kwamba mzazi hupelekewa uji, na kwamba hakuna anayekaguliwa sana kwa hilo.

Nikasema, “Mama, huna dada Mombasa.”

Sikulisema kwa ubaya. Nilikuwa nimechoka na uongo wa miaka ile, kila mtu akiapa hiki mbele ya mzungu na kile mbele ya jirani, na nilidhani angalau sisi wawili tungesema kweli. Lakini askari aliyesimama mlangoni alisikia. Karani alimtazama, akaweka kalamu chini, akafunga vitabu vyetu vya pasi.

“Mwalimu,” alisema polepole, “umenifunga mikono.”

Mama hakunigombeza. Njiani kurudi Ruiru alitazama mashamba ya mkonge tu. Siku ya Jumamosi alimimina uji vikombeni, akawapa majirani. Nilipewa kikombe nami. Ulikuwa umechachuka vizuri, na nilikunywa wote.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, wiki moja baada ya kumzika mama, mzee mmoja kutoka Mugutha alikuja kutupa pole. Ndiye aliyeniambia kwamba mdogo wake mama, yule mjomba tuliyeambiwa alikwenda Tanganyika kutafuta kazi na akafia huko, hakufika Tanganyika. Alikuwa mfungwa ndani ya ngome, pamoja na huyo mzee. Mama alificha kwa ajili yangu: mwalimu mwenye mjomba kifungoni asingeachiwa darasa.

Jumamosi asubuhi wafungwa walitolewa kufagia barabara mbele ya lango, na askari mmoja mwenye huruma aliruhusu ndugu wapite karibu. Mjomba alikuwa amepelekewa habari kwamba dada yake angekuja na kibuyu. Mzee alisema siku hiyo mjomba alifagia pale pale penye njia ya kutoka stesheni, pakiwa safi tayari, mpaka filimbi ya kuingia ilipopigwa.