Mama Amebaki St Pancras

Kabla hujakata tiketi ya treni ya kwenda Ubelgiji, mwombe mama yako pasi yake uiangalie.

Mimi sikuiangalia.

Jana mamkubwa wangu, dada yake mama, alifariki Brussels. Leo asubuhi mimi na mama tukaondoka London kwenda kuzika. Mama ndiye aliyekuwa amuoshe.

Tulifika stesheni ya St Pancras mapema. Mizigo ikakaguliwa, ikapita. Nikajisifu.

Kumbe treni inapitia Ufaransa, na polisi wa Kifaransa wanakaa humo humo stesheni, hapa hapa London. Mmoja akaifungua pasi ya mama, ya Tanzania, akauliza viza iko wapi.

Mama ana zaidi ya miaka ishirini hapa, na ruhusa ya kuishi daima. Pasi ya Kiingereza, kama yangu, hataki. Kila tukimwambia, jibu ni moja: "Mie n'tarudi kwetu." Nami nilidhani treni ni treni, unapanda tu.

(Wenye wazazi kama wangu, nyinyi mnafanyaje? Niambieni.)

Nikasema basi, turudi sote nyumbani.

"Nenda wewe," mama akasema.

"Mama, mie sijapata kuosha maiti."

"Watakuelekeza. Na wewe ni mwanawe."

Akanipa mkoba wenye sanda na udi. Nikapita peke yangu.

Nimeshakaa ndani ya treni, simu ikalia. Ni mama. Nikadhani analia.

"Waambie maji yawe vuguvugu," akasema. "Dada hapendi baridi."