Mchele wa Tetere

Nyumba ya wazee wangu iko nje ya mji, nyuma ya Seeb, pale lami inapokwisha na vilima vinapoanza. Kiangazi hapakaliki, hata paka wanahama. Baridi ikiingia ndipo wageni wanapokuja: hudihudi na shungi lake, vindege vya kijivu vinavyotikisa mikia penye bomba linalovuja, kwale wanaoteremka vilimani wakifuatana kama watoto wa chuo cha Kurani. Jua likishuka huja mbweha mmoja mwembamba, masikio makubwa, anasimama juu ya ukuta na kututazama kana kwamba sisi ndio tuliomvamia. Lakini wenye uwa hasa walikuwa tetere, wale njiwa wadogo wa porini.

Baridi ile moyo wa baba ulipochoka, madaktari walimrudisha nyumbani, tukamwekea kitanda dirishani, nami nikawa nalala kule kule. Mikono haikuwa na nguvu tena ya kuvuta tasbihi mpaka mwisho, ila macho yalikuwa mazima, akawa mlinzi wa ndege. "Leo hudihudi kachelewa," ananiambia nikimpigia simu kutoka ofisini Al Khuwair, na mimi katikati ya mafaili najikuta nacheka.

Mama alikuwa na dawa yake. Kila usiku aliweka sahani ya mchele kichwani mwa kitanda, ulale na mgonjwa. Asubuhi baba anaugusa kwa mkono wa kulia, mama anautoa uani na kuwamwagia ndege. Ni sadaka aliyoiona kwa mama yake Zanzibar, akaja nayo huku ng'ambo ya bahari. Husimama mlangoni mpaka punje ya mwisho iliwe, kisha husema, "Imepokewa," na kwenda kuchemsha chai. Mimi niliona ni mambo ya kizamani, lakini siku mchele ulipokwisha upesi, na mimi niliendesha gari kwenda kazini moyo mwepesi.

Mchele huo huo ndio ulioleta panya. Wakaingia kwenye gari langu, wakatafuna nyaya, likanizimikia katikati ya barabara kuu, malori yananipigia honi. Huko Ghala fundi alinionyesha nyaya zilizobaki vipande tu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Jioni ile ile nilipita Mawaleh, karibu na lilipokuwa soko la mboga, nikanunua kopo la ngano iliyotiwa sumu. Sikumwambia mtu. Mama angenikataza, maana kwake hata panya ni maskini wa Mungu. Niliimwaga nyuma ya tangi la maji, nikajiambia ndege hawafiki kule. Hakuna aliyeniambia hawafiki, nilitaka tu iwe hivyo.

Siku ya tatu, nikienda garini kabla ya jua, nilimkuta tetere chini ya tangi, mbawa wazi. Nikasema baridi imemuua. Nilisema hivyo huku najua. Gari ndiyo kwanza limetengenezwa, nikaiacha sumu siku mbili zaidi.

Siku ya tano walikuwa wengi, mikono haikutosha kuwabeba. Tetere, kwale wawili, na kando ya ukuta yule mbweha, manyoya ya ndege bado mdomoni. Mama alikuwa juu ya msala, anasali. Niliwatia wote kwenye gunia, nikawafukia nyuma ya ukuta, nikafagia ngano yote, nikaosha sakafu, na kopo nikaenda kulitupa kwenye pipa la taka karibu na ofisi. Kazi yangu serikalini ni kuhakikisha faili halina kasoro, na ile niliifanya vizuri kuliko zote.

Asubuhi hiyo mama alimwaga mchele, hakuja ndege. Mpaka adhuhuri ulikuwa pale pale, unabebwa na sisimizi. Kesho yake vile vile.

"Wamekwenda wapi?" baba aliuliza.

"Watakuja," mama akamjibu.

Siku ya tatu tangu ndege wakose, mama alinifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini baba asisikie: "Haipokewi, mwanangu. Sijui nimemkosea nini Mola wangu."

Nilikuwa naosha vikombe. Ningeweza kusema pale pale, ilitaka maneno mawili tu. Nikasema, "Ndege wana safari zao, mama."

Baba alifariki kabla baridi haijaisha, uso dirishani, uwa mtupu. Madaktari walishasema hatafika kiangazi, kwa mchele au bila mchele. Najua, na kujua hakunisaidii kitu.

Mama alikaa eda na pazia limefungwa. Tangu hapo hakumwaga tena mchele. Baridi hii nimehamia kwake moja kwa moja, na asubuhi moja nikachukua sahani nikamwaga mwenyewe. Akaja tetere mmoja, kesho wawili, wiki haijaisha uwa umejaa, hata hudihudi yupo. Nikamwita mama kwa furaha kama mtoto. Alisimama nyuma yangu, akitazama.

"Kwako wanakuja," alisema. "Basi mimi ndiye nilokataliwa."

Hapo nikasema yote. Nyaya, kopo, tangi, gunia, mbweha. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Mama alinisikiliza, akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Wewe tangu mdogo huwezi kuniona nna huzuni," alisema. "Allah akuhifadhi. Lakini usijitie dhambi ya uongo kwa ajili yangu."

"Wallahi, mama, ni kweli."

"Usiape, mwanangu."

Nikachukua jembe, nikaenda nyuma ya ukuta nimwonyeshe japo mifupa. Nilichimba mpaka jua likapanda, pembeni, mbele, nyuma. Mwaka jana, baada ya msiba, mvua ilishusha wadi, ule mto mkavu wa vilimani, maji yakapita pale pale. Hapakuwa na kitu ila mchanga na kokoto. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi, akiniambia inatosha, nirudi ndani, chai inapoa.