Mbio za Ihanda na Mama Mkwe wa Tarishi

Mimi si mtu wa kusema kwa uhakika. Nilisoma hadi darasa la nne la misheni, nikarudi nyumbani kulima ulezi na kahawa kidogo, na tangu hapo nina tabia ya kuandika jioni kile nilichokiona mchana, halafu asubuhi kujiuliza kama kweli nilikiona. Kwa tabia hiyo watu wa Tunduma wakaniita mtu wa haki. Nadhani walichanganya mambo. Anayesitasita si lazima awe mwenye haki. Huenda hajui tu. Lakini ndivyo nilivyopewa kazi ya kuwa shahidi wa njia katika mbio za baiskeli, na nitaeleza kadiri ninavyokumbuka.

Ilikuwa miaka ile ya Mwingereza, baada ya vita, kahawa ilipopata bei na baiskeli zikaanza kuonekana hata kwa watu wasio makarani. Tulikuwa na timu mbili. Moja ilikuwa ya kamati ya wakulima wa kahawa, na msimamizi wake alikuwa karani wa mizani, mtu wa maneno mengi aliyevaa soksi ndefu hata siku za joto. Ya pili ilikuwa ya duka la mpakani, na msimamizi wake alikuwa fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya duka hilo. Fundi alikuwa amemwoa dada yake karani, kwa hiyo waliitana mulamu, yaani shemeji, na kwetu shemeji hutaniwa bila huruma.

Wapanda baiskeli walikuwa wengi, lakini waliobishaniwa walikuwa wawili. Kamati ilikuwa na tarishi wa baraza la mtemi, kijana mrefu mwenye miguu kama ya korongo. Duka lilikuwa na mchuuzi wa kuku, mfupi, kifua kipana, aliyevusha kuku na mayai mpaka upande wa Rhodesia kwa tenga lililofungwa kwenye keria.

Mabishano yalikuwa kwenye baraza ya fundi. Washabiki wa kamati walikaa kushoto mwa cherehani, wa duka kulia. Mimi nilikaa ngazini.

"Mtu wenu mnamlea kama mwali," fundi alimwambia karani siku moja, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Hapasui kuni, hachoti maji, anakunywa mayai mabichi tu. Mkewe amekuja kulalamika hapa."

"Mayai yanatia nguvu, mulamu. Wewe mtu wako umempa nini zaidi ya mahindi ya kuchoma?"

"Nimempa kazi. Kila siku anapanda mwinuko na tenga la kuku nyuma yake. Siku ya mbio nitaondoa tenga, nawe utaona kama ni baiskeli au ni mwewe."

"Na mayai yenyewe mnayanunua wapi?" aliuliza mtu wa kulia.

Karani akavuta soksi zake juu. Kila mtu alijua. Aliyeuza mayai Tunduma ni mchuuzi wa kuku peke yake, kwa hiyo kamati ilimnenepesha mtu wake kwa mayai ya mpinzani. Wa kulia wakacheka mpaka fundi akapoteza sindano. Kwa haki niseme kwamba mchuuzi hakuwahi kuwapa yai viza. Aliyachagua makubwa.

Kwa washabiki huo ulikuwa mchezo. Kwa tarishi haukuwa mchezo. Baiskeli aliyoipanda ilikuwa ya kamati. Walikuwa wamemwambia: ukishinda mbio za Ihanda ni yako kabisa, ukishindwa inarudi. Na kazi yake ilikuwa kupeleka samansi hadi kule chini Kamsamba, kwenye joto na mbung'o, njia ambayo kabla ya baiskeli alikuwa akiitembea kwa miguu na kurudi na malengelenge. Aliniambia, "Kaka, mimi sitaki sifa. Nataka tu nisirudi kutembea."

Mbio zilianza mpakani, zikaenda mpaka Ihanda, ambako wapandaji walizunguka pipa tupu, kisha wakarudi kumalizia mbele ya duka. Mashahidi waliwekwa njiani kwa sababu mwaka mmoja kuna mtu alishika nyuma ya lori na kuvutwa mwinuko mzima huku akipunga mkono. Mimi niliwekwa kwenye mwinuko wa kurudi, kidogo tu baada ya Ihanda, nikakaa juu ya jiwe.

Tarishi alitokea wa kwanza, peke yake. Mayai yalikuwa yanafanya kazi. Nikainuka nimwone vizuri, na hapo nikamwona pia mama mmoja akiteremka kutoka upande wa pili na kikapu cha maharage kichwani. Alikuwa mama mkwe wake.

Tarishi alikuwa ameoa mwaka uleule, na alikuwa bado hajapeleka mbuzi wa kuondoa aibu. Kwetu, kabla ya mbuzi huyo, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani kila mmoja huacha njia na kujificha mpaka mwenzake apite. Hakuna anayefundishwa jambo hili kwa maneno. Miguu inalijua yenyewe.

Tarishi aliiacha baiskeli ikaanguka katikati ya barabara, akajitupa kwenye majani makavu upande wa kushoto. Mama naye, kwa adabu ileile, akaingia kushoto. Nikasikia majani yanapasuka, kisha kimya cha watu wawili waliogundua jambo baya. Tarishi akatoka mbio, mikono usoni, akavuka kwenda kulia. Mama, ambaye bila shaka alikuwa amewaza hivyohivyo, akavuka kwenda kulia. Maharage yakaanza kumwagika.

Mimi nilikuwa shahidi. Sikuwa na ruhusa ya kusema "wewe kushoto, wewe kulia." Angalau nilidhani sina. Mpaka leo sijui.

Wakati huo mchuuzi wa kuku alifika. Aliikuta baiskeli imelala, gurudumu linazunguka, na hakuna mtu. Akanipigia kelele, "Ni chui?" Nikatikisa kichwa. Akaizunguka baiskeli, akaendelea. Sioni kosa lake. Baadaye mama alirudi kushoto, akatulia, na tarishi akapata njia. Alikanyaga kama mwendawazimu, lakini mpaka dukani mchuuzi alimtangulia.

Baraza ya fundi ilichafuka siku hiyo.

"Umemweka yule mama pale kwa makusudi," karani alisema. "Wewe mulamu ni nyoka."

"Mimi nashona kaptura. Nitajuaje mama mkwe wa mtu anapita saa ngapi?"

"Unajua. Blauzi yake umeshona wewe."

"Basi kosa ni lako. Msimamizi gani anapima mayai asiulize wakwe wa mtu wake wanakaa wapi? Ulimpeleka Ihanda kwa wakwe zake kama ng'ombe anayepelekwa mnadani."

Hapo hata wa kushoto waliitikia kwa kichwa, kwa kuwa lilikuwa neno la kweli. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikasema nilichoweza: kwamba sikuona mtu akimtuma yule mama, kwamba alibeba maharage mengi, na mtu aliyetumwa kufanya hila angebeba kikapu chepesi. "Lakini siwezi kuapa," nikaongeza. Mtu mmoja akasema, "Huyu hata jina lake hawezi kuliapia." Walicheka, nami nilicheka, ingawa usiku niliandika mistari mitatu na kuifuta miwili.

Tarishi alikaa pembeni, ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mbuzi asichukuliwe.

Ni fundi mwenyewe aliyetoa shauri. "Turudie kahawa ikishaanikwa," alisema. "Sitaki ushindi wa mama mkwe." Nimwandikie haki yake: angeweza kunyamaza. Karani akakubali haraka kabla shemeji yake hajabadili mawazo, na baiskeli ikabaki kwa tarishi mpaka siku ya marudio.

Sasa ulikuja ubishi mkubwa kuliko wote, wa namna ya kuendesha timu. Karani alitaka vijana watangulie barabarani kupiga kengele na kuwaonya akina mama wote wenye mabinti walioolewa. Wakamwambia barabara ya Ihanda haina mama wa namna nyingine. Halafu akabuni kofia yenye mbawa mbili pembeni, ili tarishi aone mbele tu. Aliyekuwa na cherehani ni fundi. Akaishona, akaishona vizuri, huku akisema ni mara ya kwanza kumvisha adui. Tarishi akaijaribu, akagonga mbuzi wa watu.

Mbuzi huyo ndiye aliyewafungua akili. Mzee mmoja wa kushoto akauliza kwa nini wasimpeleke tu mbuzi anayedaiwa na mila, mambo yaishe. Lakini tarishi hakuwa na mbuzi, na akiba ya timu ilikuwa imewekwa kwa ajili ya tairi jipya la nyuma.

"Tairi ni la mbio," walisema wengine. "Mbuzi ni wa ndoa yake."

"Ndoa yake ndiyo iliyotuangusha," alijibu karani, "wala si tairi."

Nilimpenda karani siku ile. Alinunua mbuzi. Alivaa soksi zake, akampeleka mwenyewe Ihanda pamoja na tarishi na kitenge, wakala, wakanywa, na aibu ikaondolewa. Aliporudi fundi akamwuliza kama mbuzi naye alikunywa mayai mabichi.

Siku ya marudio niliwekwa kwenye jiwe langu lilelile. Mama mkwe alikuja mara tu wapandaji walipopita kwenda Ihanda, safari hii bila maharage, amevaa kitenge kipya, na wanawake wenzake wakimzunguka. Akaniuliza, "Na wewe mwenye kuona, leo utaona nini?" Nikamwambia sijui, mayo, kama tunavyomwita mama kwetu. Akasema habari za jibu hilo amezisikia.

Walitokea pamoja, tarishi mbele, mchuuzi nyuma yake karibu gurudumu kwa gurudumu. Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho wasimamizi wote wawili, pamoja na akili zao, walikuwa wamekisahau. Mkwe aliyeondolewa aibu hapiti kimya. Akimkuta mama mkwe njiani lazima asimame, achuchumae, apige makofi ya heshima na kuuliza habari za nyumbani mpaka za mifugo.

Nilimwona tarishi akimwona. Miguu ikapunguza. Sijui moyoni mwake kulikuwa na Kamsamba au kulikuwa na adabu, labda vyote. Akashika breki, akashuka, akachuchumaa kwenye vumbi, akapiga makofi.

"Mlikuwa wazima, mayo?"

Na mchuuzi wa kuku naye akashika breki. Alisimama palepale, mguu mmoja chini, akavua kofia, akangoja.

Mama aliwatazama wote wawili. Kisha akageuka, akatupa mgongo, akajifunika uso kwa kitenge kipya. "Mimi sijamwona mtu," alisema. "Mkwe wangu anakuja kesho, na salamu zake atakuja nazo kesho. Hao waliosimama hapo wananizibia njia."

Wanawake walicheka. Wale wawili walirukia baiskeli kwa pamoja, kutoka kusimama, katikati ya mwinuko. Nikawaangalia mpaka vumbi likawameza. Niliambiwa kwamba walienda sambamba mpaka Tunduma, na mbele ya duka tarishi alitangulia kwa gurudumu la mbele tu. Tairi la zamani lilivumilia.

Nilipofika kwenye baraza jua lilikuwa limeshuka na fundi alikuwa hagombani na karani. Aligombana na mtu wake.

"Ulisimama kwa nini? Mama mkwe si wako."

"Fundi, ningempitaje mtu aliyechuchumaa mbele ya mama mkwe wake?" mchuuzi alijibu, akifunga tenga lake kwenye keria. "Kesho ningemuuzia nani kuku hapa?"

Fundi akanigeukia. "Wewe shahidi. Nani alianza kuondoka? Mtu wangu alisimama zaidi, si kweli?"

Wote wakasogea karibu, kushoto na kulia. Tarishi alinitazama, mikono usukanini. Nilitamani sana kujua. Lakini mimi nilikuwa namtazama mama na kitenge chake, kama kila mtu pale mlimani.

"Niliona wote wamesimama," nikasema, "na niliona wote wameondoka. Katikati sikuona."

"Basi hujaona kitu," fundi alisema. Akakaa kwenye cherehani, akakanyaga kidogo bila kitambaa. "Haya. Yake. Lakini mulamu, mwakani utaniambia mapema mnakopeleka mbuzi, nami nipeleke wangu."

Kesho yake asubuhi nilimkuta tarishi kwa mchuuzi akinunua jogoo wa kupeleka Ihanda, maana salamu alizodaiwa haziendi mikono mitupu. Mchuuzi alimchagulia mkubwa, akamfunga mwenyewe kwenye keria ya baiskeli ambayo sasa haikuwa ya kamati, akavuta kamba kuona kama imeshika.

"Mwinuko wa Ihanda upande polepole," alimwambia. "Huyu amezoea mwendo wangu."